Lumbwi wako ana nini? Dalili, sababu na la kufanya kwa wafugaji wa Unguja na Pemba

Simu ninazopigiwa kuhusu lumbwi, yaani vinyonga, zinafanana mno. Awe mtu wa Wete, wa Jang'ombe au wa Makunduchi, ataanza kwa maneno yale yale: "Jana alikuwa mzima." Ukimuuliza mawili matatu unagundua kwamba jana hakuwa mzima. Ugonjwa una wiki tatu, ila lumbwi huficha udhaifu wake mpaka nguvu za kuficha zimwishie, maana porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo dalili unayoiona leo, hata iwe ndogo, ichukulie kuwa kubwa.

Ninayemzungumzia ni lumbwi wetu wa kawaida, yule wa kijani au kahawia mwenye mapande mawili ya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Anapatikana visiwani na bara, hufika urefu wa sentimita 30 hivi pamoja na mkia, na hali ya hewa yetu ndiyo aliyoumbiwa. Mfugaji wa Ulaya hana budi kununua jua, joto na unyevu dukani. Sisi tumepewa. Matatizo mengi ninayoyaona yanatokana na kumtoa mnyama kwenye hewa hii na kumfungia chumbani nyuma ya kioo. Ndiyo maana kwa kila dalili naanza na tundu, kisha mnyama.

Neno moja kuhusu alikotoka. Lumbwi huyu yumo katika Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo mgeni anayetaka kumtia kwenye begi aondoke naye bila kibali anafanya kosa. Na wewe unayetaka kumweka nyumbani, waulize kwanza watu wa idara ya misitu. Ukimkuta anavuka barabara akiwa mzima, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache. Ninawaandikia walio naye tayari.

Kabla ya dalili yoyote: litazame tundu

Sanduku la kioo la samaki halifai. Hewa haizunguki, joto linajikusanya, na lumbwi akijiona kwenye kioo anadhani ni mwenzake amevamia, basi anakaa na hasira kutwa. Mtengenezee tundu la wavu pande zote, refu kwenda juu: upana sentimita 60, kina 60, kimo 120 kwa mkubwa mmoja. Mmoja tu. Wawili katika tundu moja, hata dume na jike, mmoja atakufa polepole bila jeraha lolote, kwa kunyimwa raha.

Mbao mpya zilizopakwa dawa ya mchwa au vanishi ziachwe juani wiki mbili tatu mpaka harufu iishe. Wavu wa kuku una matundu makubwa, wadudu wa chakula watatoka na nyoka mdogo ataingia. Chandarua laini kinanasa kucha, na kucha ikinasa mnyama huvuta mpaka ing'oke. Wavu mgumu wa madirisha, ule wa kuzuia mbu, ndio unaofaa zaidi. Ndani weka matawi ya unene tofauti, kama unene wa penseli hadi wa kidole gumba, na mimea hai kwenye vyungu: mpera mchanga, mwasumini, mlangilangi. Usitie mnyaa, usitie mnanaha.

Mahali pake ni barazani au uani penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, si chini ya bati tupu. Miguu ya tundu isimamishe ndani ya makopo ya maji yenye tone la sabuni, kama wazee walivyofanya kwa makabati ya chakula. Usilidharau hilo, utaliona tena chini. Juu ya tundu pia pawe na wavu imara, kwa sababu ya paka, na kwa sababu ya kunguru wa India aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye leo haachi kiumbe chochote kidogo kipite.

Macho yameingia ndani, au choo chake ni cha rangi ya chungwa

Hii ni kiu. Ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, hata masika watu wanaponiambia "lakini mvua inanyesha".

Choo cha lumbwi kina sehemu mbili: ile ya kahawia, na kipande cheupe ambacho ndicho mkojo wake. Kipande hicho kikiwa cheupe kama chaki, maji yanamtosha. Kikianza kuwa njano anahitaji zaidi. Kikiwa cha rangi ya chungwa na kikavu, ana kiu ya siku nyingi.

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni bakuli. Mfugaji ameweka maji kwenye kibakuli safi, anayabadilisha kila siku, na lumbwi anakufa kwa kiu pembeni yake. Vinyonga wengi hawayatambui maji yaliyotulia. Wanakunywa tone linaloning'inia jani na kumetameta. Toboa kitobo cha pini kwenye kitako cha chupa ya plastiki, ijaze, ilaze juu ya wavu idondoshee majani tone moja kila sekunde moja au mbili, na iache nusu saa, asubuhi na alasiri. Zaidi ya hapo nyunyizia majani mara mbili au tatu kwa siku. Kipupwe, upepo wa kusi unapokausha kila kitu, ongeza mara moja.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na wewe umeshazoea ladha yake hata huihisi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, au yale yale unayochemsha kwa kunywa. Kama ya mfereji yana harufu ya dawa, yaache wazi usiku kucha kwanza.

Sababu ya tatu ni figo au minyoo. Hapo utakuwa umemnywesha vizuri siku tatu na macho bado yamezama.

Cha kufanya leo hii: mtoe kwenye jua kali, mweke kivulini kwenye mmea, mdondoshee tone moja moja kwenye ncha ya pua kwa bomba lisilo na sindano. Akianza kutafuna hewa na kumeza, endelea taratibu hata dakika kumi. Usimfungue mdomo kwa nguvu umimine. Maji yataingia kwenye njia ya hewa, iliyo hapo hapo mdomoni. Kama hamezi kabisa, au ngozi ya ubavu ukiibana taratibu inabaki imesimama, acha kujaribu. Anahitaji kuchomwa maji chini ya ngozi, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Amefunga macho mchana

Lumbwi mzima halali mchana. Akifunga macho yote mawili saa nne asubuhi wakati jua linawaka, kuna tatizo, hakuna mjadala.

Anza na rahisi. Jicho lake limefunikwa na ukope mmoja mnene wenye kitobo katikati, na humo huingia mchanga, unga wa madini, kipande cha ngozi iliyobambuka. Kama ni jicho moja tu na analizungusha au kulitokeza nje kama puto, analisafisha mwenyewe. Msaidie kwa kunyunyizia maji vuguvugu kama ukungu kwa dakika chache, mara mbili kwa siku. Mara nyingi siku ya pili limefunguka.

Macho yote mawili yakifungwa, fikiria kiu kwanza, kisha utomvu. Nimewahi kuletewa lumbwi kutoka shamba la Chake Chake macho yamevimba kama maharage. Tundu lake lilizungushiwa ua wa mnyaa, na mtoto alikuwa amekata vijiti viwili vya mnyaa akamwekea vya kupandia. Utomvu ule unaunguza jicho la mtu, sembuse lake. Osha kwa maji safi mengi, tena na tena, kisha kwa daktari siku hiyo hiyo.

Halafu kuna moshi. Udi jioni, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mkaa: vyote hivi ni maisha yetu, lakini mapafu na macho ya lumbwi hayavihimili. Tundu likiwa ndani ya nyumba, ujue anavuta vyote. Dawa ya mbu ya kupuliza ndiyo mbaya zaidi, maana inampata yeye na wadudu anaokula.

Mwisho ni upungufu wa vitamini A, unaotokea kwa anayelishwa aina moja ya mdudu miezi mingi. Usikimbilie matone ya vitamini ya watoto. Vitamini A ikizidi ni sumu, na kipimo chake kwa mnyama wa gramu 50 hakikisiwi nyumbani. Ukiona usaha au uvimbe, au macho yamefungwa siku mbili mfululizo baada ya kumnywesha, nenda kwa daktari.

Hali chakula

Usiogope siku ya kwanza. Mkubwa mwenye afya hukaa siku tatu, nne, hata wiki bila kula na asidhurike. Mdogo wa chini ya miezi mitatu akikosa siku mbili, hilo ni jambo.

Jiulize kwa mpangilio huu. Je, amehamishwa karibuni? Aliyehama huona kila kitu kigeni. Mfunikie upande mmoja wa tundu kwa kanga, mpe maji, muache wiki. Je, anaona kitu kinachomtisha: paka dirishani, kinyonga mwenzake, watoto wanaomchokoa? Je, asubuhi anapata jua la kumpasha moto? Lumbwi baridi hawezi kuyeyusha chakula, hivyo hali. Je, ngozi imeanza kupauka? Anakaribia kujibambua, ngoja. Je, ni jike aliyenenepa? Nenda sehemu ya mayai.

Kama yote hayo si, basi kachoka na mdudu yule yule. Wanaolishwa mende kila siku hukinai, na hapo panzi wa kijani, nyenje, nzi au nondo humfungua hamu. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha lumbwi. Mkubwa anatosheka na nyenje wanne hadi sita kila baada ya siku moja; mdogo ale kila siku. Mende wa jikoni usimpe, hujui amepita kwenye dawa gani, na panzi wa shamba lililopuliziwa vivyo hivyo. Kimetameta anayewaka usiku usimpe kabisa. Wamo wenye sumu inayoua mijusi. Fuga nyenje au mende wako mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, walishe matembele, karoti, boga na majani ya mlonge. Anachokula mdudu ndicho anachokula lumbwi.

Tazama vilevile anavyolenga. Akitaka, akakodoa macho, akafungua mdomo lakini ulimi hautoki au unatoka nusu, hamu anayo ila mwili umeshindwa. Soma sehemu inayofuata.

Anayekonda huku anakula, choo kinanuka vibaya au kina maji, huyo ana minyoo, na waliotoka porini karibu wote wanayo. Chukua choo kibichi kwenye kichupa safi, kipelekwe kupimwa. Nakusihi, usimpe dawa ya minyoo ya mbuzi kwa kukadiria. Kipimo cha mbuzi, hata tone lake, kinaweza kumuua usiku huo huo, na nimeona.

Miguu imepinda, anatetemeka, hashiki tawi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu unaua wadogo wengi na dawa yake imelala bure kwenye fukwe zetu.

Mifupa yake imekosa kalsiamu. Dalili huanza kwa mkono kutetemeka anaponyoosha hatua, kisha kiwiko kinapinda kama upinde, taya linakuwa laini, ulimi unakosa nguvu, na mwisho anatambaa kwa tumbo. Miguu iliyokwisha kupinda hainyooki tena, lakini ugonjwa unaweza kusimamishwa na mnyama akaishi.

Sababu ya kwanza ni jua, au tuseme kioo. Mwili wake hutengeneza vitamini D3 kwa miale ya jua iitwayo UVB, na bila D3 kalsiamu anayokula inapita tu. Kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote hiyo. Utamwona amekaa kwenye mwanga mzuri wa dirishani kutwa na mifupa inalainika. Dawa ni jua lenyewe bila kioo: nusu saa hadi saa moja asubuhi, tundu likiwa nje, nusu yake iwe na kivuli cha kukimbilia.

Wako wanaoagiza taa za UVB. Zinafanya kazi, lakini hupungukiwa nguvu baada ya miezi 6 hadi 12 ingawa bado zinawaka, na umeme wetu nao una siku zake. Waliokuwa Unguja kisiwa kilipokosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa. Jua la barazani halikatiki.

Sababu ya pili ni chakula kisicho na madini. Wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, lazima wapakwe unga. Nenda ufukweni ukaokote mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi: ule mweupe mwepesi unaoletwa na maji. Karibu wote ni kalsiamu kaboneti. Uloweke kwenye maji baridi siku tatu ukiyabadilisha kila siku ili chumvi itoke, uchemshe, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha kwangua ule upande laini, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi. Watie wadudu kwenye mfuko na unga kidogo, utikise mpaka waonekane wamepakwa poda. Mdogo na jike anayetaga, kila mlo; dume mkubwa, mara mbili tatu kwa wiki.

Onyo: chokaa si chokaa. Mara mbili nimekuta mtu ametumia chokaa ya tambuu kwa kusikia kwamba "kinyonga anataka chokaa". Ile inaunguza mdomo na tumbo. Chokaa ya ujenzi ndiyo usiitaje.

Akiwa anatetemeka mwili mzima, anakakamaa, au mfupa umevunjika, usimnyooshe wala kumfunga kijiti. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa laini chini, bila matawi ya kuanguka, umpeleke. Kalsiamu ya sindano inaweza kumuokoa saa hizo. Unga wa dome ni kazi ya miezi.

Ameachama mdomo

Mguse kwa macho kwanza: amepauka, amejibapa, na ni mchana wa kaskazi? Ni joto. Kivulini anapenda nyuzi 25 hadi 28, tawi la kuotea jua 30 hadi 32. Ikifika 35 na hana pa kukimbilia, yuko hatarini. Mhamishie kivulini, nyunyizia majani, na ndani ya dakika 15 mdomo utafungwa. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi. Ukirudia kesho kumkuta hivyo, lihamishe tundu.

Ameachama asubuhi ya baridi, ameinua pua juu, anahema kwa mluzi, kuna povu au kamasi mdomoni? Huo ni ugonjwa wa mapafu. Unakuja sana masika, tundu likiwa halikauki kati ya mvua na mvua, au mfugaji anaponyunyizia usiku. Majani yalowe asubuhi, yakauke kabla ya adhuhuri. Lakini kukausha tundu ni kwa ajili ya kesho. Kwa leo anahitaji antibiotiki, na antibiotiki aichague daktari. Vidonge vya kuku vilivyobaki kwenye kabati havifai. Hapa hapana majaribio ya nyumbani hata moja. Usimfukize chochote.

Ukiona kitu cha njano kama jibini kwenye fizi, au taya limevimba upande mmoja, mdomo umeoza ndani. Usikwangue. Kwa daktari.

Na akiachama kwa sababu umemkaribia, akajivimbisha, akayumba na kufoka, huyo ni mzima kabisa. Anakwambia uondoke. Ondoka.

Rangi imekuwa nyeusi

Watu wengi bado wanaamini anageuka kufuata kitu alichokalia. Rangi yake ni lugha ya hali yake zaidi kuliko maficho. Mweusi asubuhi akiwa amejibapa kuelekea jua: anaota joto, muache. Mweusi kutwa: ana baridi, anaumwa, au anaona adui. Mweusi upande mmoja: jua lipo upande huo. Amepauka karibu mweupe usiku: amelala, na ni usingizi mzuri. Madoa meusi yaliyobaki mahali pamoja siku baada ya siku, hasa kwenye kilele cha mgongo au kichwa, si rangi. Ni kuungua kwa taa au bati. Taa ikae sentimita 25 au 30 kutoka alipo, nje ya wavu.

Kuna mchezo wa kumtia tumbaku mdomoni ili "abadilike rangi". Anabadilika kwa sababu anakufa kwa sumu. Mtoto akimfanyia hivyo mbele yako, mkataze na umweleze.

Jike anatembea chini na kuchimba

Lumbwi anayeishi juu ya matawi akianza kushuka chini na kukwaruza pembe za tundu, ana mayai. Anaweza kubeba mayai hata kama hajawahi kuonana na dume, na hapo wengi hukosea, wakisema "yuko peke yake, hawezi".

Jike wangu wa kwanza nilimpoteza hivi. Alikuwa kwenye tundu zuri, lenye maji, jua, mimea, na chini mbao tupu. Alichimba mbao siku mbili. Siku ya tatu alikaa chini amefumba macho, nikadhani amechoka. Alikuwa na mayai zaidi ya 30 ndani yake, hakupata udongo wa kuyaweka, akafa nayo.

Weka ndoo au beseni lenye mchanga uliochanganywa na udongo, kina cha sentimita 30, unyevu wa kiasi: ukitoboa kwa kidole shimo libaki wazi lisibomoke, na maji yasitoke ukikamua. Iwepo daima kwa kila jike mkubwa, usingoje dalili. Akianza kuchimba, funika tundu kwa kanga na usichungulie. Akijua anatazamwa anaacha, na akiacha mara kadhaa hatataga tena. Kazi yote huchukua siku moja, pengine mbili, naye hufukia shimo mwenyewe kwa ustadi. Akimaliza atakuwa mwembamba, macho yamezama kidogo. Mpe maji mengi, kisha wadudu wenye unga wa dome kwa wiki mbili.

Simama hapa: amechimba zaidi ya siku mbili bila kitu, au ameacha kuchimba akiwa bado mnene, au amekaa chini macho yamefumbwa. Usimkamue tumbo, mayai yatapasukia ndani. Ni daktari siku hiyo, si kesho.

Ngozi haibambuki vizuri

Mara nyingi ni ukavu tu. Nyunyizia zaidi siku mbili tatu. Usiivute. Angalia vidole na ncha ya mkia, maana ngozi ikibaki pale kama pete hukaza na kukata damu. Lainisha kwa maji vuguvugu kwa pamba, kila siku, mpaka ilegee. Kidole kikiwa cheusi na kikavu, kimeshakufa, daktari akiondoe.

Vidonda na uvimbe

Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, ni rafiki wa mnazi. Humfukuza mdudu anayedondosha nazi changa, na mkulima anayejua hawachomi. Lakini ukikata tawi la mwembe au mkarafuu ukalitia kwenye tundu bila kulikung'uta, unaweza kuwa umemwingizia jeshi ndani ya gereza ambalo mfungwa wake hana mlango. Vidonda vidogo vingi miguuni na kwenye macho, asubuhi, ndiyo alama yao. Loweka kila tawi jipya kwenye ndoo usiku kucha, na rudi kayajaze yale makopo ya maji.

Nyenje walioachwa usiku nao humtafuna akilala. Watoe kabla ya magharibi. Jeraha dogo osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, likaushe. Usipake mafuta ya karafuu wala dawa yenye harufu kali.

Uvimbe mgumu kwenye kifundo au ubavuni unaweza kuwa usaha, na usaha wa mijusi ni mgumu kama jibini, hautoki kwa kuminya. Uvimbe laini shingoni unaweza kutokana na unga wa vitamini uliozidi. Punguza, lakini apimwe figo.

Mambo mawili yasiyongoja

Ulimi umening'inia haurudi ndani. Au nyama nyekundu imetoka nyuma na haijirudi. Usisukume. Funika kwa pamba iliyoloweshwa maji safi isikauke. Kwa nyama ya nyuma, maji yenye sukari nyingi husaidia kupunguza uvimbe njiani. Ondoka sasa hivi.

Kumpeleka kwa daktari

Madaktari wetu wa mifugo siku zote wako na ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengine watakwambia kwa uaminifu hawajawahi kumtibu lumbwi. Usikate tamaa. Muombe ampime uzito kwa gramu na ampigie mwenzake aliyezoea mijusi kabla ya kuchanganya dawa. Peleka choo cha siku hiyo, picha ya tundu lote pamoja na ndani, na orodha ya anachokula na unga unaompa. Picha ya tundu mara nyingi inaeleza zaidi kuliko mgonjwa.

Njiani mweke kwenye kikapu cha ukindu chenye kijiti kimoja cha kushika, ukifunike kwa kanga yenye unyevu kidogo. Giza humtuliza. Kwenye daladala mpakate, mbali na injini na dirisha la jua. Kwenye gari usimwache peke yake hata dakika tano. Ukifika, na ukirudi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na watoto wadogo wasimshike: hana sumu wala nuksi, ila mijusi wengi hubeba vijidudu vya salmonela bila wenyewe kuumwa.

Kama safari ni ya kutoka Pemba kwenda Unguja kwa boti, panda ya asubuhi, na mnyweshe kabla ya kuondoka.